Miti haihami na masjala

Tangu Desemba 2023, Serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba taasisi 16 za umma zitaunganishwa na nyingine nne zitafutwa, simu yangu haipoi. Wanaopiga si watu wa bustani tu. Yupo mkuu wa kituo cha mifugo, yupo mwenzangu wa maktaba, na Januari 2025, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoidhinisha mashirika 42 yaunganishwe yabaki 20, zikaanza kuingia na simu za kutoka Nairobi. Swali ni lilelile: "Dada, nyie mlishapita hapo. Mlifanyaje?"

Tulipita, ndiyo. Nilikuwa mkuu wa bustani ya mimea ya umma huku nyanda za juu, wakati taasisi ndogo iliyotumiliki ilipoingizwa ndani ya chombo kikubwa cha mambo ya misitu. Sizitaji taasisi zenyewe, kwa sababu wengi niliovutana nao bado wako kazini, na baadhi yao siku hizi tunakula mchana meza moja. Wanaonipigia huwa wanataka kujua habari za vyeo: nani atakuwa chini ya nani, nembo itakuwa ipi, gari litabaki kwa nani. Mimi huwarudisha kwenye jambo moja. Baada ya muungano miti yenu itakuwa palepale ilipo, hakuna atakayeing'oa. Kinachopotea ni habari za miti hiyo, na wale watu wachache wanaozijua. Na zikipotea, hamtajua siku wala saa zilipopotea, maana bustani itaendelea kuwa ya kijani na maharusi wataendelea kuja kupiga picha.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa kuwa hata viongozi wetu wapya walikuwa wanadhani bustani ya mimea ni bustani ya maua iliyokua ikapitiliza. Shirika la kimataifa linalounganisha bustani za mimea, BGCI, lenye makao yake Kew kule London, linaihesabu bustani kuwa ya mimea pale inapokuwa na mikusanyo ya mimea hai yenye kumbukumbu, kwa ajili ya utafiti, uhifadhi, maonyesho na elimu. Ukiondoa hilo la kumbukumbu, unabaki na mahali pazuri pa kupumzikia. Kila mmea unaoingia hupewa namba: mwaka ulioingia na nafasi yake katika orodha ya mwaka huo. Namba hiyo inakupeleka kwenye daftari, na daftari linakwambia mbegu ilichumwa na nani, mlima gani, mwinuko gani, tarehe gani, kutoka kwenye mti mmoja au mingi. Sisi daftari letu lilikuwa ni kaunta buku kumi na kitu zenye majalada yaliyoanza kulika na mende, kabati moja la kadi, na faili la kompyuta ambalo kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo alilianza akaliacha kwenye herufi M.

Mtu akikukuta unahangaika na kaunta buku wakati wenzako wanahangaikia vyeo, atakuona umechanganyikiwa. Lakini mimi nilikuwa na Amani kichwani.

Wajerumani walianzisha kituo cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, kikiwa taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo. Wakapanda miti ya kwinini, kafuri, mpira, viungo, na mamia ya aina nyingine kutoka kila pembe ya nchi za joto, na pembeni yake wakaanzisha hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kila karatasi na maelezo yake. Waingereza wakaichukua baada ya Vita ya Kwanza. Baada ya Vita ya Pili mambo ya utafiti yakapangwa upya kwa Afrika Mashariki nzima, makao yakahamia Muguga, na mwaka 1950 hebaria ya Amani ikapelekwa Nairobi. Ndiyo hiyo leo inayoitwa Hebaria ya Afrika Mashariki, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Imetunzwa vizuri, na watafiti wa kanda nzima tumeitegemea. Ila mti uko kulekule Amani, wilayani Muheza, Tanga, na karatasi iko Nairobi. Karatasi nyingine nyingi zilikuwa zimepelekwa Berlin, na zile ziliungua usiku wa tarehe 1 Machi 1943, hebaria ya Dahlem ilipopigwa bomu.

Hakuna aliyefanya uovu kule Amani mwaka 1950. Mtu fulani ofisini alitazama chati ya muundo mpya, akaona karatasi zinahamishika na miti haihamishiki, akafanya lililo rahisi. Ndicho hasa nilichokiogopa kwetu. Sikuogopa mtu mbaya. Nilimwogopa mtu mwenye haraka na lori.

Kwa hiyo kabla hata waraka rasmi haujafika, tuliweka meza mbili ndefu kwenye ukumbi wa mikutano na kuanza kupiga picha kurasa za kaunta buku moja baada ya nyingine, kwa simu, mchana penye mwanga wa dirisha. Hatukuwa na skana. Dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa na mkono uliotulia kuliko wote, akawa mpiga picha mkuu. Nakala moja ikabaki kwetu, nyingine nikaipeleka kwa rafiki zetu wa chuo kikuu, wakasaini kuipokea. Kisha tukatembea bustani nzima na orodha mkononi tukilinganisha vibao na miti. Vibao vyetu ni vya bati la alumini, namba imegongwa kwa msumari, vinaning'inizwa kwa waya. Penye miti ya zamani vilipigiliwa kabisa, na mti ukinenepa unakimeza kibao taratibu mpaka inabaki pembe tu inachungulia kwenye gome. Ilibidi tupapase gome kwa vidole tusome namba iliyomo ndani. Kuna miti tuliikuta na namba isiyo kwenye daftari, na kuna namba kwenye daftari ambazo mti wake ulishakufa zamani na mahali pake pamejengwa choo cha wageni.

Kazi ile ndiyo iliyotuokoa alipokuja mthamini.

Taasisi ikiunganishwa na nyingine, mali zake zote huthaminiwa zihamishwe kwenye vitabu vipya. Yule mthamini alikuwa kijana mwenye adabu, alinishikamoo kabla hajashuka vizuri kwenye gari. Alikuwa na kishikwambi, tepu ya kupimia, na fomu iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba ya miti. Alimaliza ofisi, viti, trekta bovu na mipira ya maji kwa asubuhi moja. Halafu akaanza miti. Anazungusha tepu kwenye shina kwa kimo cha kifua, anakadiria urefu, kishikwambi kinampa mita za ujazo, mita za ujazo zinampa shilingi. Mkaratusi mmoja mkubwa nyuma ya stoo, uliopandwa na nani hajulikani, ukawa ndio mali yenye thamani kubwa kuliko kitu chochote ndani ya bustani. Ulizidi hata lile trekta.

Tukafika kwenye Encephalartos. Asiyemjua, ni mmea wa kale unaofanana na mtende mfupi, mgumu, wenye majani yanayochoma. Kijana akainama, akaupima kwa macho, akasema, "Mama, huu hauna ubao. Naandika sifuri."

Nikamwambia akae kwanza kwenye benchi. Nikamweleza kuwa spishi zote za Encephalartos zimo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, pamoja na faru na chui, na biashara ya kimataifa ya mimea hiyo iliyong'olewa porini imepigwa marufuku. Nikamsimulia ya Encephalartos woodii, uliogunduliwa mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, Afrika Kusini: ulikutwa mmoja tu, dume, na mpaka leo jike halijaonekana, kwa hiyo kila mmea wa aina hiyo uliopo kwenye bustani za dunia ni chipukizi la yule yule. Alisikiliza kwa makini, akavua kofia akajipepea. Kisha akauliza swali ambalo bado nalisifu: "Sasa Mama, niuandike bei gani?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wote. Ukimpa bei ndogo, umeudhalilisha. Ukimpa bei kubwa ya kubuni, mkaguzi atakuja mwaka unaofuata akuulize umeipata wapi, na mbaya zaidi, mtu akishaona bei ataanza kufikiria kuuza. Nilimpigia mhasibu wa chombo kikubwa, mama mmoja mkali niliyekuwa nimeambiwa nijihadhari naye. Alinijibu kwa dakika tatu. Alisema viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, ambavyo Serikali yetu inavifuata, kwa wakati ule havikuwa vinalazimisha mali ya urithi ipachikwe thamani kwenye mizania, ilitosha kuielezea. "Mniletee orodha yenye namba, jina, mahali ulipo, na umetoka wapi. Mnayo?" Tulikuwa nayo. Mimea ya mkusanyo ikaingia kwenye kiambatisho chake chenyewe kisicho na bei hata moja, na mikaratusi ikabaki kwenye hesabu ya mbao. Bila ule msafara wetu wa kupapasa magome tungejibu nini?

Nimesema habari za miti na watu wanaozijua. Upande wa watu ulikuwa mgumu zaidi, na hapo sikushinda yote.

Watumishi wa umma nchini mwetu wanalisikia neno kuunganishwa kwa masikio ya mwaka 2018. Mwaka ule mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa mmoja, PSSSF, na mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, ukawaka mpaka Rais Magufuli akausimamisha Desemba ile ile. Sakata la watumishi wa darasa la saba walioondolewa kazini nalo lilikuwa halijasahaulika. Kwa hiyo waraka ulipofika, hakuna aliyeuliza habari za uhifadhi wa mimea. Waliuliza kama utumishi wao utahesabiwa kuanzia mwanzo, kama daraja litashuka, kama vibarua wataendelea, na kama kweli, ilivyoandikwa kwenye kundi la WhatsApp, nusu yetu tutahamishiwa kanda ya ziwa. Niliwaambia ukweli kwamba mengi siyajui. Tukawa tunakutana chai ya saa nne kila Ijumaa, kila mtu anasema alichosikia, mimi nasema lenye barua na lisilo na barua. Basi. Sikuwa na dawa nyingine, na nadhani haipo nyingine. Mkuu anayejifanya anajua kila kitu kipindi kile anaumbuka kabla mwezi haujaisha.

Shida yenyewe ilikuja na ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zinazoruhusiwa. Ofisa utumishi alikuja na jedwali la kada, na kwenye jedwali lile kulikuwa na mahali pamoja tu pa watu wetu wa kitalu: mtunza bustani. Ndiyo kada ileile ya anayefyeka majani mbele ya ofisi ya mkoa. Siidharau kazi ile, lakini nilikuwa na mzee pale kitaluni ambaye kwa jina hilo alikuwa anafutika.

Kazi yake kubwa ilikuwa mkulo. Huu ni mti wetu wa milimani, Ocotea usambarensis, ambao mbao zake zilivunwa tangu enzi za wakoloni mpaka sehemu nyingi ukabaki visiki. Kuuotesha kwa mbegu kunasumbua: mti hauzai kila mwaka, na ukizaa, wadudu wanakuwa wameshazitoboa mbegu kabla hazijaanguka. Mzee yule alikuwa hangoji zianguke. Anajua ni mti upi unaanza, anatuma kijana apande, kisha anakaa na karai mapajani anaminya tunda moja moja kwa ukucha wa kidole gumba. Lenye tundu dogo kama la sindano anatupa. Yaliyobaki anayamwaga kwenye ndoo ya maji, yanayoelea anayachota na kuyatupa pia, na hizo chache zilizozama anazipanda siku hiyo hiyo, kwa sababu ukizilaza zinakufa. Akikosa mbegu, anakwenda kwenye mizizi ya mti uliokatwa kutafuta maotea, na anajua yakatwe urefu gani na yafunikwe na nini. Hakuna kitabu tulichokuwa nacho kilichosema haya yote.

Ofisa utumishi alisoma: "Elimu, darasa la saba. Kada, mtunza bustani. Miezi iliyobaki kustaafu, michache. Nafasi hii tunaifuta." Aliyasema bila ubaya wowote, anasoma tu mstari. Nikamwomba tufanye kikao kilichofuata kitaluni badala ya ofisini. Alikaa pale asubuhi nzima akimtazama mzee na karai lake. Muundo wa utumishi haubadiliki kwa sababu ofisa ameguswa, na haukubadilika. Kilichowezekana ni viwili: mzee alipostaafu alipewa mkataba wa muda, na nafasi yake haikufutwa bali iliombewa fundi sanifu wa misitu, ambaye alikaa na mzee msimu mzima wa mbegu akirekodi kwa simu na kuandika. Vibarua wawili waliokuwa na mkono mzuri kama wa mzee sikuweza kuwaokoa. Mmoja sasa ana kitalu chake barabarani, anauza miparachichi, na anapata kuliko alivyokuwa anapata kwetu. Wa pili sijui alipo.

Baada ya watu ikaja tofauti ya mizani. Chombo kikubwa kinahesabu miche. Kila robo mwaka kanda zinapeleka takwimu za miche iliyooteshwa na kugawiwa, na zinashindanishwa. Bustani inahesabu spishi. Kwenye kikao cha kwanza cha kanda, mwenyekiti alipitia takwimu, misindano kwa malaki, mitiki, mikaratusi, akafika kwetu, akavua miwani. "Mama, hii elfu chache ni ya wiki au ya mwezi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia ni ya mwaka, na kwamba ndani yake kuna aina ambazo hakuna kitalu kingine kwenye kanda kinacho hata mche mmoja.

Kucheka pale kulinisaidia kuliko hotuba. Yule mwenyekiti alikuja kututembelea mwenyewe, akaona, na tukakubaliana mpango ambao kila upande uliona umepunjwa kidogo: matuta ya karibu na tangi yakawa ya misindano yao, na sisi tukawa wazalishaji wa miche ya miti ya asili kwa ajili ya maeneo yao yaliyoharibika, ikaingia kwenye takwimu zao kwa safu yake. Nilichukia kuyatoa yale matuta. Mpaka leo nikipita hapo naona misindano imesimama mstari kama wanafunzi gwaride nageuza uso. Ila niseme na haki yao: ghafla tukawa na lori, tukawa na chumba cha baridi cha mbegu, tukawa na watu wenye vifaa vya GPS vya kusoma majira ya nukta wanaotembea misituni kila siku na wanaoweza kutuletea mbegu kutoka mahali ambapo sisi tungefika mara moja kwa miaka mitano. Taasisi yetu ndogo ilikuwa inatupenda sana na haikuwa na hata shilingi ya dizeli. Wapo wanaoililia. Mimi si mmoja wao.

Nembo niliiachia mapema. Wenzangu walinilaumu, wakaona nimesalimu amri. Nilichong'ang'ania ni kibao cha langoni kibaki na maneno Bustani ya Mimea, kwa herufi kubwa kuliko jina la chombo, na hilo halikupingwa na mtu. Kirstenbosch ya Cape Town ipo tangu 1913, na walioiendesha wamebadilika mara kadhaa. Mwaka 1989 bustani za taifa za Afrika Kusini ziliunganishwa na taasisi ya utafiti wa mimea iliyokuwa Pretoria, ikazaliwa Taasisi ya Taifa ya Botania. Mwaka 2004 hiyo nayo ikageuzwa kuwa SANBI, yenye dhamana ya bioanuwai nzima ya nchi. Mgeni anayepanda pale kutazama maua ya protea hajui lolote kati ya hayo, na hana haja ya kujua. Muungano wa kwanza wa wale majirani ndio ulionivutia zaidi, maana ulifanya kinyume cha yaliyotokea Amani: bustani na hebaria zilizokuwa chini ya wakubwa tofauti zikawekwa chini ya paa moja. Na sheria yao ya bioanuwai ya 2004 imeandika wazi kuwa ni kazi ya SANBI kusimamia na kutunza bustani za mimea za taifa, na inairuhusu kutunza hebaria pia. Imeandikwa. Mkurugenzi anayekuja hana uhuru wa kuamua kwamba mwaka huu bustani si kipaumbele.

Hilo la kuandikwa ndilo nililotumia nguvu zangu zilizobaki. Rasimu ya amri ya kuanzisha chombo kipya ilitaja misitu ya hifadhi, mashamba ya miti, ufugaji nyuki, na "maeneo ya burudani na mapumziko". Sisi tulikuwa ndani ya mapumziko. Nilimwendea mwanasheria wao, siyo kwa barua, kwa miguu, na bahasha ya makaranga kutoka nyumbani. Nikamwomba aongeze kifungu: kutunza mikusanyo ya mimea hai pamoja na kumbukumbu zake. Mikusanyo alikubali mara moja. Alikwama kwenye kumbukumbu. "Dada yangu, kumbukumbu ni jambo la kawaida la ofisi, lina sheria yake. Tukianza kuandika kila ofisi itunze mafaili yake hatutamaliza." Nikamsimulia ya Muheza na Nairobi. Alikuwa mtu wa Tanga, hakuwa anaijua habari hiyo, na ilimuuma. Kifungu kikapita na maneno yake yote.

Haikuchukua muda kikatumika. Makao makuu yaliagiza masjala zote za vituo zikusanywe mahali pamoja, mafaili yote halisi yapelekwe, vituo vibaki na nakala za yale yanayohitajika kila siku. Kwa taasisi yenye vituo vingi agizo hilo lina akili. Mafaili ya watumishi na ya fedha yalikuwa yametapakaa kila mahali. Lori likaja kweli. Mtunza kumbukumbu aliyekuja nalo alikuwa na orodha yake, na mstari wa mwisho uliandikwa "daftari za mimea, kabati 1". Nikamtolea nakala ya Gazeti la Serikali, ukurasa umekunjwa kwenye kifungu. Akakisoma mara mbili, akapiga simu, akasoma kwa sauti kwa mtu wa upande wa pili, akanyamaza akisikiliza. Halafu akaniambia, "Basi Mama, sisi tutachukua nakala, nyie mbaki na zenyewe." Nakala zilikuwa tayari kwenye diski, kwa hisani ya dada wa mapokezi na mkono wake uliotulia. Lori likaondoka na mafaili ya likizo na ya mafuta.

Kwa hiyo nikipigiwa simu siku hizi huwa nauliza: chombo chenu kipya kimeshaandikiwa amri au bado ni rasimu? Kama bado ni rasimu, acheni mambo ya nembo, mtafuteni mwanasheria wiki hii. Kama imeshapita, mnayo orodha ya mali inayoeleza mlicho nacho kwa lugha yenu wenyewe, au mnangoja mthamini aje na fomu ya mashamba? Mwenzangu wa maktaba alinielewa kabla sijamaliza sentensi, kwa sababu wao vitabu vyao adimu vilishawahi kuthaminiwa kwa kilo.

Mikataba ya kubadilishana mbegu na bustani za nje ilitupa kazi pia, kwa kuwa ilisainiwa na taasisi isiyokuwepo tena na tangu Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana manufaa ya mimea na viumbe vya kila nchi, ianze kutumika mwaka 2014 hakuna anayetaka mbegu zisizo na mwenyewe. Hiyo ilimalizika kwa barua na uvumilivu. Lililobaki mpaka leo ni maji. Tunachota kwenye kijito kwa kibali cha bodi ya maji ya bonde, na kibali kina jina la taasisi ya zamani. Nimepeleka Gazeti la Serikali, nikaambiwa nilete hati ya ardhi yenye jina jipya. Ofisi ya ardhi nayo inataka kibali cha maji kama uthibitisho wa matumizi ya eneo. Wiki ijayo nawakutanisha maofisa wa pande zote mbili chumba kimoja, na yule mwanasheria wa Tanga amekubali kuja. Nimemwambia makaranga yapo.